Shajara ya mradi: seli beta ya plaiwudi na tundu la Frances Ashcroft

Januari, kuanza

Tumekubaliana. Meza ya baiolojia kwenye maonyesho ya sayansi ya shule mwaka huu haitakuwa na bango la "Dalili za Kisukari" lenye picha ya mguu wenye kidonda. Bango hilo limekaa miaka, na wapitaji wanalitazama kama wanavyotazama kalenda ya mwaka jana.

Badala yake tunajenga kitu kimoja: seli beta ya kongosho, yaani ile inayotengeneza insulini, ya plaiwudi, nyaya na taa. Mtu atapandisha sukari kwa mkono wake mwenyewe na kuona insulini ikitoka, au ikikataa kutoka. Ujenzi utafuata kazi ya mtafiti mmoja, Frances Ashcroft wa Chuo Kikuu cha Oxford, hatua kwa hatua, ili wanafunzi waone jinsi swali moja linavyoweza kukaa na mtu miaka na miaka.

Kwa nini yeye? Kila mwaka nikifundisha homoni kidato cha sita tunafika kwenye sentensi ileile: sukari ikipanda kwenye damu, kongosho hutoa insulini. Tunaiandika ubaoni, tunapiga mstari, tunaendelea na ini. Lakini seli haina jicho wala ulimi. Inajuaje kwamba sukari imepanda? Hilo ndilo swali alilolishika Ashcroft mwanzoni mwa miaka ya 1980, akakataa kuliachia hata pale ambapo wengine wangeridhika na jibu la nusu.

Vifaa: plaiwudi kutoka stoo ya shule, taa ndogo za LED, betri za volti 9, pampu ya kurushia maji kioo cha gari iliyotoka gereji, na redio mbovu aliyotupa fundi wa mtaa wa pili tuchomoe vipuri. Madam wa fizikia, tunayemtegemea hapa Tanga kwa kila kitu chenye waya, amekubali kusimamia umeme kwa sharti moja. "Sitaki maigizo, Mwalimu. Taa isiwake kwa sababu tumeiwasha sisi. Iwake kwa sababu volti zimefika."

Sharti hilo ndilo limeamua umbo la kazi yote.

Januari, wiki ya mwisho

Hatujapiga msumari hata mmoja. Wiki hii ilikuwa ya kusoma, na wanafunzi wamenung'unika kidogo.

Ashcroft alizaliwa Uingereza mwaka 1952. Hakuanza na kisukari. Uzamivu wake aliufanya Cambridge katika zoolojia, kisha akaenda Leicester na California, na moja ya kazi zake za mwanzo ilihusu mikondo ya kalsiamu kwenye misuli ya mdudu-kijiti, yule anayejifanya tawi kavu. Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, mdudu na sukari wapi na wapi?" Nikamjibu kwamba utando wa msuli wa mdudu na utando wa seli ya kongosho vyote vina matundu madogo ya protini yanayopitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na aliyejifunza kupima umeme wa matundu hayo kwa mdudu ana mkono wa kuupima popote. Hakuridhika sana. Nimemwachia jambo hilo alifikirie, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo somo la kwanza la mradi huu: watu wengi wanadhani tiba ya kisukari inatafutwa na watu walioanza na kisukari.

Kilichokuwa kinajulikana kabla yake hakikuwa kidogo. Mwaka 1968 Dean na Matthews walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba seli za visiwa vya kongosho, yale makundi madogo ya seli zikiwemo seli beta, zina umeme, na kwamba glukosi, sukari ya kwenye damu, huziamsha. Miaka ya 1970 ikaonekana kwamba glukosi inapunguza potasiamu inayovuja kutoka ndani ya seli. Basi kulikuwa na tundu mahali fulani linalozibwa. Tundu lipi, na nani anaamuru lizibwe?

Chombo cha kujibu swali hilo kilipatikana Ujerumani. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann walionyesha kwamba pipeti ya kioo yenye ncha nyembamba sana, ikigusishwa kwenye utando wa seli, inaweza kupima umeme unaopita kwenye tundu moja tu la protini. Mbinu hiyo iliboreshwa miaka michache baadaye, na mwaka 1991 wakapata Tuzo ya Nobel. Umeme wenyewe ni pikoampia chache. Pikoampia 1 ni ampia iliyogawanywa kwa trilioni. Madam alileta mita yake nzuri, ile ya mikroampia, akawaonyesha wanafunzi alama ndogo kuliko zote kwenye uso wake, kisha akawaambia: gawanyeni hii kwa milioni. Darasa likatulia.

Februari

Mwezi huu wote ni wa kusoma mwaka 1984. Tumekaa hapa muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sijutii.

Mwaka 1983 Akinori Noma, huko Japani, aligundua kwenye misuli ya moyo tundu la potasiamu linalofungwa na ATP, ile molekuli ya nishati ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tano anaitaja usingizini. Mwaka uliofuata Ashcroft, pamoja na Donald Harrison na Stephen Ashcroft, wakachapisha katika jarida la Nature kwamba seli beta za panya zina tundu la potasiamu linalofungwa mtu akiongeza glukosi.

Nimewataka wanafunzi waangalie mpangilio wa jaribio, kwa sababu uzuri uko hapo. Pipeti imeshikamana na seli nzima, iliyo hai. Glukosi inamwagwa nje, kwenye maji yanayoizunguka seli. Tundu linalopimwa limefunikwa na pipeti. Glukosi ya nje haiwezi kulifikia kwa upande huo. Hata hivyo linafungwa. Kwa hiyo amri imetoka ndani. Glukosi imeingia seli, imechomwa, na kitu kilichozaliwa na kuchomwa huko ndicho kimepeleka habari kwenye utando. Mwaka huohuo Cook na Hales walionyesha upande wa pili: ukikichomoa kipande cha utando wa seli beta na kukipa ATP moja kwa moja, tundu linafungwa. Ukiziweka karatasi hizo mbili za utafiti pamoja unapata mnyororo mzima.

Ashcroft mwenyewe amesimulia kwamba usiku alipoona matokeo yale furaha ilimzidi, na kulipokucha akawa na hakika kwamba amekosea. Wanafunzi wamependa kisa hiki kuliko kitu kingine chochote. Mimi nakipenda kwa sababu ya asubuhi, si kwa sababu ya usiku.

Sasa ubao. Madam ametengeneza mzunguko ambao sikutegemea ungekuwa mwepisi hivi. Betri inachaji kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, kupitia rezista kubwa, kifaa cha kubana umeme. Kapasita ndiyo utando wa seli. Sambamba na kapasita kuna njia ya kuvujia, na njia hiyo ndiyo tundu letu la potasiamu. Kwenye njia ya kuvujia tumeweka kifundo cha sauti kilichotoka kwenye ile redio, tukakibandika jina SUKARI. Kifundo kikiwa chini, chaji yote inavuja na kapasita inabaki tupu. Sindano ya mita inasimama kwenye alama tuliyoiandika -70, maana seli beta iliyotulia ina karibu hasi milivolti 70 ndani yake ukilinganisha na nje. Kifundo kikizungushwa juu, njia ya kuvujia inabana, chaji inajazana, sindano inaanza kupanda kuelekea sifuri. Ikivuka alama fulani, transista, swichi inayofunguliwa na volti, inafunguka, taa za bluu, ambazo ni kalsiamu inayoingia seli na kuamuru insulini itoke, zinawaka, na pampu inarusha maji mekundu kwenye chupa iliyoandikwa INSULINI.

Hakuna mtu anayewasha taa. Volti zinafika, au hazifiki.

Kitu kimoja kimewasumbua wanafunzi: kwamba seli yenye njaa ndiyo yenye tundu wazi, na kwamba kazi inaanza tundu linapozibwa. Walitarajia kinyume chake, mlango ufunguke ndipo kitu kitoke. Hawajakosea kabisa, kwa sababu mlango wa kalsiamu kweli unafunguka baadaye. Lakini wa potasiamu lazima ufungwe kwanza. Tumewaacha wazungushe kifundo wao wenyewe mpaka mkono ukazoea kile ambacho kichwa kilikuwa kinakataa.

Machi, mwanzoni

Nilipita duka la dawa kununua vitu vya nyumbani nikamwomba mama muuzaji anionyeshe boksi la glibenklamaidi, kidonge cha kisukari. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza nani anaumwa sukari nyumbani. Nikamwambia hakuna, ni mradi wa shule. Akacheka. "Hivi ni vidonge vya wazee, Mwalimu. Vya siku nyingi."

Ni kweli. Glibenklamaidi imekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na ukoo wake, salfonilurea, ni mkongwe zaidi. Mwaka 1942 huko Montpellier, Ufaransa, Marcel Janbon alikuwa anajaribu dawa moja ya jamii ya salfa kwa wagonjwa wa homa ya matumbo, akaona sukari yao inashuka vibaya, wengine mpaka kufa. Auguste Loubatières akafuatilia kwa mbwa na kubaini kwamba dawa hiyo inalilazimisha kongosho litoe insulini. Tolbutamaidi ikaingia sokoni miaka ya 1950. Mamilioni ya watu wakameza vidonge hivi bila mtu yeyote kujua vinashika wapi hasa. Ndipo mwaka 1985, baada ya tundu kujulikana, kundi la Hales likaonyesha kwamba tolbutamaidi inalifunga tundu lilelile.

Nimepata boksi moja tupu, yaani boksi lake la karatasi, mama amenipa bure. Tutalibandika kwenye ubao juu ya swichi ya pili.

Machi, mwishoni

Miaka ya 1990 tunaipita kwa haraka, ingawa wataalamu wa jeni wangenilalamikia.

Mwaka 1995 vipande vya tundu vilipatikana. Lydia Aguilar-Bryan na Joseph Bryan, Houston, walipata jeni ya protini inayoshikwa na salfonilurea, SUR1. Wakishirikiana na kundi la Susumu Seino wa Japani, wakaonyesha kwamba SUR1 ikiunganishwa na protini nyingine, Kir6.2, tundu zima linapatikana. Maabara ya Ashcroft nayo ilitoa Kir6.2 mwaka huohuo. Tundu moja lina Kir6.2 nne zinazozunguka shimo lenyewe, na SUR1 nne zinazoizunguka hiyo duara. Jeni zake, KCNJ11 na ABCC8, zinapakana kwenye kromosomu ya 11.

Karatasi ya 1997 ndiyo iliyobadilisha ubao wetu. Maabara ya Ashcroft ilikata mkia wa Kir6.2, asidi amino (vipande vinavyoijenga protini) 26 za mwisho, na tundu likaweza kusimama kwenye utando bila SUR1. Wakalipa ATP. Likafungwa. Maana yake ATP inashika kwenye Kir6.2 yenyewe, ilhali salfonilurea inafanya kazi yake kupitia SUR1. Mlango mmoja, vitasa viwili, kila kimoja kwenye protini yake.

Madam alipoelewa hilo alichomoa nyaya alizokwisha kulehemu bila kusema neno. Tulikuwa tumeweka kidonge na sukari kwenye njia moja. Sasa kifundo cha SUKARI kiko kwenye njia ya kuvujia, na swichi ya KIDONGE inaikata njia hiyo yote kabla chaji haijafika kwenye kifundo. Inaonekana jambo dogo. Mwezi ujao ndipo linapolipa.

Nimeandika pia kwenye kadi ya pembeni majina ya wote hao, Noma, Cook, Hales, Aguilar-Bryan, Bryan, Seino. Mwanafunzi anayeandika maelezo ya ubao alitaka liwe jina moja tu kwa herufi kubwa. Nimemkatalia. Mradi unafuata maisha ya Ashcroft, lakini mwaka 1984 na mwaka 1995 wote ulikuwa na watu wengi waliokuwa wanakimbilia tundu hilohilo, na mara nyingine walimtangulia.

Aprili

Ubao wa pili: mtoto mchanga.

Kama tundu likishindwa kufungwa, insulini haitatoka. Na kama likishindwa kufunguka, insulini itatoka muda wote. Kwa mantiki hiyo kulipaswa kuwa na watu wa aina zote mbili. Wa tundu lisilofunguka walipatikana mapema: mwaka 1995 ilijulikana kwamba baadhi ya watoto wanaozaliwa na insulini nyingi kupita kiasi, sukari ikiwaanguka mpaka wanapata degedege, wana hitilafu kwenye SUR1. Wa tundu lisilofungwa walichelewa. Mwaka 2000 maabara ya Colin Nichols, St. Louis, ilitengeneza panya ambao tundu lao halifungwi vizuri kwenye seli beta. Wakapata kisukari kikali mara tu baada ya kuzaliwa. Kwa binadamu bado kimya.

Mwaka 2004 kimya kikavunjika. Anna Gloyn, Andrew Hattersley na wenzao wa Exeter, Uingereza, walichunguza jeni ya KCNJ11 kwa wagonjwa 29 waliokuwa na kisukari cha kudumu tangu uchanga. Kumi kati yao walikuwa na badiliko kwenye jeni hiyo. Ashcroft na maabara yake walikuwemo kwenye kazi, wakipima kile ambacho badiliko linafanya: tundu lililobadilika lilikuwa halisikii ATP ipasavyo. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu ile karatasi ya Nature.

Ni asidi amino moja tu. Inayojirudia zaidi ni ile ya nafasi ya 201, ambapo histidini imechukua mahali pa arginini. Moja kati ya asidi amino 390 za protini hiyo, na mtoto anaanza maisha kwa sindano.

Kwenye ubao wa pili Madam ameongeza rezista moja sambamba na kifundo cha SUKARI. Basi. Zungusha kifundo mpaka mwisho, chaji inaendelea kuvujia pembeni, sindano ya mita inapanda kidogo na kukwama chini ya alama. Taa za bluu hazijawaka. Chupa ni kavu. Seli ina kila kitu: ina insulini ghalani, ina milango ya kalsiamu, inachoma sukari vizuri. Ila volti hazifiki.

Kisha unabonyeza KIDONGE. Njia yote ya kuvujia inakatika, pamoja na ile rezista. Sindano inaruka. Pampu inanguruma.

Wanafunzi walipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuangalia kuna nini. Na hicho, kwa ufupi, ndicho kilichotokea Exeter na Oxford, isipokuwa kule alikuwepo mtoto. Kidonge hakihitaji ATP ili kifanye kazi. Kinaingilia upande wa SUR1, ambao haujaharibika. Watoto hao walikuwa wanahesabiwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza na kupewa insulini maisha yao yote. Mwaka 2006 Ewan Pearson, Hattersley, Ashcroft na wenzao walichapisha matokeo ya wagonjwa 49 waliojaribiwa kuhamishiwa salfonilurea. Wagonjwa 44 waliacha insulini kabisa. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kilishuka kutoka 8.1% hadi 6.4% ndani ya wiki 12. Ripoti ya mwaka 2018 iliwafuatilia wagonjwa 81 kwa takriban miaka 10. 75 walikuwa bado wanaishi kwa kidonge bila insulini.

Vidonge vya wazee, vya siku nyingi. Vilikuwa rafuni wakati wote huo. Kilichokosekana hakikuwa dawa, kilikosekana kujua nani apewe. Nikiulizwa mradi huu unasema nini, nitajibu hilo na kunyamaza.

Aprili, baada ya Pasaka

Binti wa kidato cha tano ametuweka mahali pagumu. "Mwalimu, kidonge kikishafunga tundu, si insulini itamwagika usiku na mchana? Mtoto akilala bila kula si atakufa?"

Kwenye ubao wetu, ndiyo, pampu haikomi mpaka uzime swichi. Kwa mgonjwa haiwi hivyo, na jibu liko ndani ya karatasi ileile ya 2006. Waliwapa wagonjwa glukosi kwa mshipa na wakawapa pia kwa mdomo. Kwa mdomo insulini ilitoka zaidi sana. Chakula kikipita tumboni, utumbo hutoa homoni zake, GLP-1 ikiwa mojawapo, na homoni hizo zinaikuza kazi ya kutoa insulini kwa njia isiyopitia tundu letu. Lakini zinaikuza tu pale ambapo kalsiamu imeshaanza kuingia. Kidonge kinaiweka seli mahali pa kuweza kusikia. Mlo ndio unaosema.

Tumeongeza waya wa njano kutoka kwenye kipande cha mpira kilichoandikwa UTUMBO. Sasa KIDONGE pekee kinaendesha pampu polepole, na UTUMBO ukibonyezwa inaongeza kasi. Si sahihi kwa kila kitu, ila swali la binti limepata mahali pa kukaa.

Mei

Kazi ya uandishi zaidi kuliko nyaya. Kir6.2 hiihii ipo pia kwenye matundu ya ubongo, misuli na moyo. Kwa hiyo baadhi ya watoto wenye mabadiliko makali zaidi hawana kisukari tu. Wanachelewa kukaa na kutembea, wana udhaifu wa misuli, wengine wana kifafa. Swali lilikuwa udhaifu huo unatoka wapi, kwenye misuli au kwenye ubongo. Mwaka 2010 Rebecca Clark na Ashcroft walijibu kwa panya: badiliko moja la Kir6.2 liitwalo V59M likiwekwa kwenye misuli pekee, panya hana tatizo; likiwekwa kwenye seli za neva, panya anakuwa dhaifu. Ni ubongo. Hili lina maana kwa mzazi, kwani kidonge kinachofika kwa shida kwenye ubongo hakiwezi kusaidia huko kama kinavyosaidia kongosho. Ndiyo sababu madaktari wanapenda kuanza mapema.

Panya hao wa V59M walimpeleka Ashcroft kwenye swali linalowahusu wengi zaidi, watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili. Panya wakiwashiwa badiliko hilo ukubwani, kwenye seli beta tu, wanapata kisukari ndani ya siku chache, na seli zao zinaanza kuharibika: insulini inapungua, glikojeni, sukari ya akiba, inajazana. Wakipewa glibenklamaidi mapema, seli zinarudi. Kwa hiyo sukari iliyopanda si matokeo tu, nayo inaharibu. Mwaka 2019 Elizabeth Haythorne na wenzake katika maabara hiyo walionyesha kwamba sukari nyingi ya muda mrefu inadhoofisha mitokondria za seli beta, vile vinu vyake vya nishati, yaani inapunguza ile ATP inayotakiwa kufunga tundu. Mwaka 2022 wakaongeza kwamba mkosaji si glukosi yenyewe, ni kile inachogeuka kuwa baada ya kuanza kuvunjwavunjwa: wakipunguza kasi ya glukokinesi, kimeng'enya cha hatua ya kwanza, seli zinahifadhi uwezo wake wa kutoa insulini. Nimefurahia hili kwa sababu za kibinafsi: ni wazo la kuipumzisha seli iliyochoka badala ya kuichapa iendelee kufanya kazi, na wauza ushauri wa kisukari mitaani hawalijui.

Hatutajenga ubao wa tatu. Hakuna muda wala plaiwudi. Haya yataingia kwenye kadi.

Pia nimeongeza kwenye kadi kwamba mwaka 2017 makundi kadhaa yalifanikiwa kuliona umbo la tundu zima kwa hadubini ya elektroni, protini zikiwa zimegandishwa, zile nne na nne zikionekana wazi. Picha moja imechorwa na mwanafunzi kwa mkono. Ni nzuri kuliko nyingi za vitabuni.

Juni, wiki ya majaribio

Tumewaita walimu, wapishi na wazazi wachache wapite kabla ya siku yenyewe. Ubao wa kwanza umesimama imara. Ubao wa pili unakula betri, maana ile rezista ya mtoto inavuja muda wote. Madam anasema ni ushahidi kwamba tumeujenga vizuri.

Jambo moja limetulazimu kubadili maandishi. Mzee mmoja anayejichoma insulini aliona pampu ikinguruma kwa kidonge, akaniambia: "Basi Mwalimu, kumbe hata mimi naweza kuacha sindano." Nikamketisha pembeni. Kidonge kinafunga tundu la seli iliyopo. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili wake imeziharibu seli beta; hakuna tundu la kufunga. Mwenye aina ya pili ana hesabu nyingine kabisa. Kisukari cha tangu uchanga ni adimu sana, karibu mtoto 1 kati ya 100,000 kwa makadirio yanayotumika sana, na hata huyo habadilishiwi dawa mpaka jeni yake isomwe na daktari amlaze amfuatilie, kwani dozi zake kwa kila kilo ya mwili ni kubwa kuliko za mtu mzima. Sasa juu ya ubao kuna maandishi mekundu: ANAYETUMIA INSULINI ASIIACHE KWA SABABU YA UBAO HUU.

Chini yake tumeandika kwa bluu jambo ambalo linawafaa watu wachache lakini linawafaa kweli, hapa kwetu pia: mtoto aliyegundulika na kisukari kabla ya kutimiza miezi 9 anapaswa kupimwa jeni, na maabara ya Exeter hupokea sampuli za watoto hao kutoka nchi yoyote bila malipo, zikitumwa na daktari. Muuguzi aliyekuja kama mzazi alipiga picha maandishi hayo, akaondoka bila hata kuzungusha kifundo.

Yaliyobaki kabla ya siku yenyewe: betri mpya mbili za ubao wa pili, kubadili mrija wa pampu unaovuja kwenye shingo ya chupa, kupaka varnishi upande wa nyuma, na kumfundisha kijana wa mdudu-kijiti, ambaye ndiye atakayesimama mezani asubuhi, aeleze kwa nini mtoto wa nafasi ya 201 anachoma sukari vizuri lakini hatoi insulini. Ameanza kulijibu bila kusoma kadi. Bado anaisahau SUR1.